Kutoka Harrier ya petroli hadi gari la umeme Dar es Salaam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeendesha Harrier "tako la nyani" kwa miaka saba, kisha nikahamia Nissan Leaf yenye betri ya kWh 40 (kWh moja ni uniti moja ya umeme). Tangu hapo, kila ninapoegesha, iwe msibani, kanisani au pale ninapooshea gari, naulizwa maswali yale yale. Nimeyakusanya hapa na kuyapanga. Utaona jibu moja linarudi mara nyingi: anza na soketi ya nyumbani kwako, ndipo uende kuangalia gari.

## Mambo ya mwanzo

Hivi gari la umeme halitumii petroli hata kidogo?

Halitumii. Hakuna tangi, hakuna injini, hakuna ekzosi, hakuna oili ya injini wala plagi. Kuna betri kubwa chini ya sakafu, mota inayozungusha magurudumu, na kifaa kinachobadili umeme wa betri uwe wa kuiendesha mota hiyo. Ukiachia pedali, mota inageuka kuwa jenereta ndogo na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Ndiyo maana gari hizi hazichoki foleni ya Morogoro Road kama zinavyochoka gari za petroli.

Dalali kaniambia Nissan Note e-Power ni gari la umeme. Kweli?

Hapana, na watu wengi wamenunua kwa kuamini hivyo. E-Power ina mota ya umeme inayoendesha magurudumu, lakini umeme wake unazalishwa na injini ndogo ya petroli iliyomo humo humo. Haina pa kuchomeka waya. Ni gari zuri na linabana mafuta, ila utaendelea kwenda sheli. Kipimo ni rahisi: mwambie dalali akuonyeshe tundu la kuchajia. Kama halipo, hilo si gari la umeme unalotafuta.

Mitsubishi Outlander PHEV ni kitu kingine tena. Hiyo ina tundu la kuchajia na ina tangi la petroli pia, kwa hiyo safari fupi za mjini unaenda kwa umeme na safari ndefu unawasha injini. Kwa mtu anayependa gari la juu na mwenye wasiwasi wa safari za mkoani, ni daraja zuri.

Ni nani asiyefaa kubadilisha kwa sasa?

Nasema wazi kwa sababu nimeona watu wakijuta. Asibadilishe mtu asiye na mahali pa uhakika pa kuegesha usiku karibu na umeme wake. Asibadilishe mwenye gari moja tu ambaye kila wiki mbili yuko barabarani kwenda Iringa au Moshi. Asibadilishe pia anayevuta trela au anayepita kila siku kwenye mashimo ambayo hata Prado inayapita kwa kunyata.

Kwa mtu wa namna hiyo, haibridi ya kawaida (injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, bila kuchomeka) au kufunga mfumo wa gesi asilia kwenye gari alilonalo kutampunguzia gharama bila kumsumbua. Gesi ya Songo Songo inatumika kwenye magari mengi hapa mjini, ingawa foleni za vituo vya kujazia zinajulikana.

Anayefaa zaidi ni yule anayeishi Mbezi, Tegeta, Goba au Kigamboni kwenye nyumba yake, anayekwenda kazini na kurudi, na anayeanza kuona kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei za mafuta, kama siku ya kusikilizia hukumu.

Nikitaka kubaki kwenye gari la juu, yapo ya umeme?

Yapo. BYD Atto 3, kwa mfano, ina betri ya kWh 60.48. Angalia mambo mawili kabla ya kupenda rangi. Kwanza, usukani: gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la China lina usukani wa kushoto. Pili, tundu la kuchajia: gari za China hutumia kiwango chao kiitwacho GB/T, za Ulaya hutumia CCS2, na Leaf ya Japani hutumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Uliza tundu ni la aina gani na waya wake upo wapi. Na ukiwasha skrini ukakuta Kichina kitupu, usikubali neno "itabadilishwa". Ibadilishwe ukiwa umesimama hapo.

## Fedha na LUKU

Nitaokoa kiasi gani kwa mwezi?

Tupige hesabu kwa mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Badilisha namba zangu uweke zako.

Harrier ya lita 2.4 kwenye foleni za Dar nilikuwa napata kilomita 8 kwa lita. Hiyo ni lita 125. Tukichukua petroli kwa shilingi 3,000, unalipa 375,000.

Gari la umeme la ukubwa wa Leaf, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, linakula uniti 18 hivi kwa kilomita 100. Kwa kilomita 1,000 ni uniti 180. Mteja wa TANESCO wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, analipa takriban shilingi 357 kwa uniti, kodi na tozo zikiwemo. Jumla inakuwa kama 64,000. Tofauti ni shilingi 310,000 na ushee kwa mwezi, kabla hujagusa oili na vichujio.

Ukitembea kilomita 300 tu kwa mwezi, tofauti haizidi laki moja. Kwa umbali huo sioni sababu ya kukimbilia kubadilisha.

Nimeanza kuchaji nyumbani na LUKU inaisha kuliko hesabu hiyo. Kuna nini?

Mara nyingi ni kundi la mteja. Nyumba inayotumia umeme mdogo huwa kwenye kundi la D1: uniti 75 za mwanzo za mwezi hulipiwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, na zinazozidi hapo ni 350. Gari peke yake linameza zaidi ya uniti 75. Kwa hiyo uniti za juu unazilipia takriban 427 kodi zikiwemo, ambayo ni ghali kuliko T1. Nyumba yenye gari la umeme mahali pake ni T1, ambako uniti zote ni 292 kabla ya kodi. Nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako ukahamishwe.

Kumbuka pia kwamba kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU. Watu wengi wameilaumu gari kwa makato ya jengo.

Fedha niliyoongeza itarudi baada ya muda gani?

Gawanya kiasi ulichoongeza kwa akiba yako ya mwezi. Ukiuza Harrier kisha ukaongeza milioni 12, na unaokoa 310,000, ni miezi 39 hivi. Kama jibu lako linazidi miaka mitano, tafuta gari la bei ya chini au subiri.

Kuhusu ushuru, niagize la zamani kwa sababu ni rahisi?

Bei ya mnada Japani itakudanganya. TRA huongeza ushuru wa uchakavu kwa gari lililofikisha miaka minane, na ushuru huo hupanda tena likizidi miaka kumi. Tumia kikokotoo cha thamani za magari kwenye tovuti ya TRA kabla ya kutuma hata shilingi moja. Kwa gari la umeme umri una ubaya wa pili, ambao ni betri. Tazama sehemu ya Betri hapa chini.

## Kuchaji

Naweza kuchaji kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani?

Ndiyo, na wengi wetu tunafanya hivyo. Soketi yetu ya matundu matatu ya mraba ni ya ampea 13, lakini gari livute ampea 10 tu, maana linavuta kwa saa nyingi bila kupumzika. Pasi inavuta dakika kumi ukamaliza. Gari linavuta hadi alfajiri.

Hapa nina kidonda changu. Mwezi wa kwanza nilitumia ekstensheni ya dukani, ile nyeupe ya matundu manne, nikaipitisha dirishani hadi uani. Usiku wa tatu mke wangu alisikia harufu ya plastiki. Tulipofika, plagi imeyeyuka na kushikana na soketi, ukuta umeingia weusi. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Tangu siku hiyo kila anayeniuliza namwambia: usichaji kwa ekstensheni, hata iwe nene namna gani.

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Afunge soketi moja imara ya nje yenye laini yake kutoka kwenye mein switchi, breka yake, na kinga ya kukata umeme ukivuja. Akague ethi pia, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba nyingi za Dar zina nondo ya ethi iliyokauka au isiyounganishwa kabisa, na gari likikosa ethi hukataa kuchaji na kuwasha taa ya hitilafu. Watu hudhani gari ni bovu kumbe ni nyumba.

Inachukua saa ngapi kujaa?

Kwa ampea 10 unapata kama kilowati 2.3. Leaf ya kWh 40 kutoka asilimia 20 hadi 80 inachukua muda wa saa 11 hadi 12, yaani ukichomeka saa mbili usiku, asubuhi unaondoka. Ukifunga chaja ya ukutani ya ampea 32 kwa umeme wa njia moja, unapata kilowati 7 hivi, mradi gari lenyewe liweze kupokea kiasi hicho. Leaf nyingi za Japani haziwezi, kwa hiyo usinunue chaja kubwa kabla hujajua gari linapokea ngapi.

Huhitaji kulijaza kila siku. Anayetoka Bunju kwenda Posta na kurudi hutembea kama kilomita 65, sawa na uniti 12 hivi.

Umeme ukikatika usiku?

Chaji inasimama, ukirudi inaendelea. Tatizo kubwa ni umeme kurudi na nguvu iliyozidi, kwa hiyo weka kifaa cha kukinga kwenye laini ya gari. Na jijengee tabia ya kutoshuka chini ya asilimia 30 siku za kawaida, ili usiku mmoja wa giza usikulaze nyumbani. Hali ya umeme ni nafuu tangu mitambo ya Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji ianze kuingia kwenye gridi Februari 2024. Bwawa lote lina uwezo wa megawati 2,115. Lakini nguzo ya mtaani ikianguka, hakuna bwawa litakalokusaidia usiku huo.

Nimepanga, na LUKU tunachangia wapangaji watatu. Nifanyeje?

Usianze kuchaji kimya kimya. Ugomvi wa LUKU umevunja ujirani mwingi hapa mjini, na uniti 180 kwa mwezi hazifichiki. Zungumza na mwenye nyumba kwanza, kisha wapangaji wenzako. Njia safi ni laini ya gari kupita kwenye mita ndogo yake, unasoma mwisho wa wiki na kuweka hela yako. Njia safi zaidi ni kuomba mita yako mwenyewe. Mwenye nyumba akikataa yote mawili, rudi kwenye swali la nani asiyefaa kubadilisha.

Naishi ghorofani Upanga. Je?

Inategemea kama una nafasi yako ya kuegesha chini na kama uongozi wa jengo utakubali laini itoke kwenye mita yako. Pata ruhusa kwa maandishi kabla ya kununua gari. Waya unaoning'inia kutoka ghorofa ya tatu ni hatari.

Naweza kuchaji kwa sola?

Ndiyo. Paneli sita za wati 550 kwa jua la Dar zinaweza kukupa uniti 12 hadi 14 kwa siku nzuri, ambazo ni kilomita 70 hivi. Shida ni kwamba jua linawaka wakati gari liko kazini. Sola inamfaa mtu anayefanyia kazi nyumbani, au aliye tayari kununua betri za kuhifadhia, na hizo ni gharama nyingine kubwa.

Vituo vya umma vya kuchajia?

Bado ni vichache. Vihesabu kama akiba. Mpango wako wa kila siku uwe nyumbani au kazini.

## Betri

Nitajuaje betri ya gari la mtumba ni nzima?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mtu aulize, na wachache huuliza. Kwenye gari la petroli unasikiliza injini na kuchungulia moshi. Kwenye gari la umeme, rangi inang'aa, viti vinanukia upya, na betri inaweza kuwa imechoka kama mzee.

Kwa Leaf, angalia dashibodi. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vipande vidogo 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Kipande cha kwanza hupotea betri ikiwa tayari imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, kwa hiyo gari lenye vipande 11 limeshaanza kushuka, na lenye 8 litakutesa. Lakini usiishie hapo, kwani vipande vinaweza kuchezewa. Nunua kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, pakua programu ya LeafSpy kwenye simu, usome namba ya SOH, yaani asilimia ya uzima wa betri uliobaki. Pia utaona kama kuna seli iliyoachwa nyuma na wenzake.

Halafu liendeshe. Omba gari lililojaa, washa kiyoyozi, nenda kilomita 30 kwa mwendo wako wa kawaida, uone asilimia ngapi zimekwenda. Muuzaji anayekataa hilo amekujibu tayari.

Ujue pia unanunua betri ya ukubwa gani. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa Desemba 2010, zina kWh 24. Zikafuata za kWh 30, na kizazi cha pili kilianza na kWh 40. Ile ya 24 iliyochoka, Dar inakupa kilomita 80 au chini ya hapo. Kwa bei inavutia, na kwa mtu wa Mikocheni hadi Posta inatosha. Kwa mtu wa Chanika ni mateso.

Joto la Dar linaua betri?

Linaizeesha haraka zaidi. Leaf za vizazi viwili vya kwanza hazina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo zinategemea hewa tu. BYD na nyingine nyingi zina upozaji. Usiache Leaf juani ikiwa asilimia 100 siku nzima. Chaji hadi 80 kwa matumizi ya kawaida, egesha kivulini, na chaji usiku. Yangu naichomeka saa nne usiku, ikiwa imeshapoa.

Betri ikifa kabisa, gari linatupwa?

Si lazima. Betri imeundwa kwa moduli nyingi, yaani mafungu ya seli, na mara nyingi zinazoharibika ni chache. Zinaweza kubadilishwa na fundi anayejua. Dhamana ya kiwandani ya betri, ambayo kwa kampuni nyingi ni miaka 8 au kilomita 160,000, usiihesabie kwa gari la mtumba ulilolitoa Japani.

## Kubadilishana

Yadi inataka Harrier yangu na niongeze hela juu. Nikubali?

Sikiliza bei yao, kisha jaribu sokoni wiki mbili kabla ya kujibu. Harrier inauzika haraka Dar, kwa sababu spea zake zimejaa kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani na kila fundi anaijua. Yadi inajua hilo kuliko wewe. Mimi nilipewa bei iliyoniumiza, nikauza mwenyewe kwa mtu wa kanisani, na tofauti ilitosha kulipia soketi, waya na bima ya mwaka mzima.

Ukibadilishana, andikeni bei mbili tofauti: ya gari lako na ya gari lao. Ukiambiwa "ongeza tu milioni kadhaa tumalizane", hujui ni wapi umepunjwa.

Karatasi gani nisizisahau?

Mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na kubadilisha umiliki TRA, pande zote mbili. Usimwachie mtu Harrier ikiwa bado na jina lako, maana faini za barabarani na ushuru wa maegesho vitaendelea kuandikwa kwa namba yake. Kagua madeni hayo ya gari unalopokea pia, na uhakikishe waya wa kuchajia umeandikwa kwenye mkataba. Magari mengine hufika bila waya.

Kadi ya Harrier iko benki kwa mkopo.

Maliza deni au pata kibali cha benki kwanza. Hakuna njia ya mkato.

## Barabara, maji na safari

Mvua za masika nikipita kwenye maji nitapigwa shoti?

Hapana. Betri imefungwa isiingize maji, na mfumo hujikata ukigundua hitilafu. Lakini hiyo si ruhusa ya kuvuka pale Jangwani mto Msimbazi ukiwa umejaa. Gari lolote linaelea na kusombwa. Likizamishwa, usiliwashe wala usilichaji hadi likaguliwe. Maji machafu na ya chumvi yanaweza kuleta moto siku kadhaa baadaye.

Barabara ya kwangu Goba ni mawe na makorongo.

Leaf iko chini, sentimita 15 au 16 hivi kutoka ardhini, na kitu cha thamani zaidi kiko tumboni. Pita na fundi njia nzima ya kwako kabla ya kununua. Kama Harrier ilikuwa inagusa, Leaf itasaga.

Naweza kwenda Morogoro? Dodoma?

Morogoro ni karibu kilomita 200. Kwa Leaf ya kWh 40 yenye betri nzima unaweza kufika kwa mwendo wa 80, ukiwa umebaki na kidogo sana, na lazima uwe na mahali pa kulala penye soketi. Bagamoyo unakwenda na kurudi bila wasiwasi. Kwa Dodoma mimi huacha gari nyumbani na kupanda treni ya SGR, inayofanya safari hizo tangu 2024, nayo ni ya umeme.

Kiyoyozi kwenye foleni si kitamaliza chaji?

Kinakula uniti moja hivi kwa saa, yaani kilomita tano au sita. Washa.

## Gereji, bima na kukwama

Fundi wangu wa siku zote ataliweza?

Shokapu, bushi, breki na tairi, ndiyo. Nyaya za rangi ya chungwa, hapana kabisa: humo mna volti mia tatu na zaidi, zinaua. Mwambie hivyo mbele ya vijana wake wote. Na waoshaji wasipige maji ya presha chini ya boneti.

Gari limegoma kuwaka ingawa chaji iko 70.

Angalia betri ndogo ya volti 12. Ikifa hiyo, kompyuta haziamki, na gari zima linalala. Ni betri ya kawaida ya dukani.

Bima ikoje?

Bima ndogo ni ile ile. Kwa bima kubwa, uliza kwa maandishi kama betri imo kwenye thamani iliyokatiwa bima, na kama mafuriko yamo.

Chaji ikiisha njiani, navutwa kwa kamba?

Usikubali, hata vijana wakikuhakikishia. Magurudumu ya mbele ya Leaf yakizungushwa yakiwa chini, mota inazalisha umeme na inaweza kuharibu mfumo. Ita gari la kubeba, lile linalopakia gari zima juu. Namba ya mwenye gari hilo iweke kwenye simu leo, na ukikwama Kibaha saa tano usiku, kwanza tafuta duka, nyumba ya wageni au kituo cha mafuta chenye soketi nzima na ethi. Saa mbili za kuchomeka zinakupa kilomita 25 hivi, na mwenye duka mpe hela ya uniti zake tano.